Kiraka cha Boti ya Hezron

Matrida wa Nyasho anaziba boti za faiba pale Mwigobero, kando ya ziwa, na hana muda wa kuchekea watu. Mume wake alipokufa maji, shemeji yake Hezron alitaka kumrithi, kama mila inavyotaka. Matrida akamkatalia mbele ya wazee, na Hezron akajibu kwa kuchukua boti ya marehemu. Tangu hapo hawasalimiani, na nani atamlaumu huyu mama?

Sasa boti ile ile ikapasuka chini, giza la kuvulia dagaa, zile siku zisizo na mwezi, limekaribia, na fundi mwingine wa epoksi, gundi ya kuzibia boti, kasafiri. Hezron akaja na kiburi chake chote.

"Shemeji, ziba hapo. Kesho naingia ziwani."

Matrida akakubali, kazi ni kazi. Epoksi aliielewa tangu alipokuwa akisoma kemia sekondari, kule Bunda. Ndani ya gundi ile kuna vipete vidogo mno, kaboni mbili na oksijeni moja, vimebanwa pembetatu mpaka vinatamani kufunguka. Hadina, dawa ya kuigandisha, ikiingia, vinafunguka na kushikana nayo, na gundi yote inakuwa kitu kimoja kigumu. Lakini hadina ikizidi, ile ya ziada inakosa kipete cha kushika, na kiraka kinabaki laini mpaka kiama.

Alipoinama kukata kitambaa cha faiba, Hezron alinyakua kopo la hadina akamimina mara mbili ya kipimo.

"Unafanya nini?"

"Naharakisha. Kwenye faiba ya kawaida tunazidishaga dawa, inakauka upesi. Wewe unavuta kazi makusudi."

Kwa gundi ya faiba ya kawaida alisema kweli. Kwa hii alikuwa anajichimbia kaburi. Acha azame, Matrida aliwaza, na wazo hilo lilimpa raha. Akapaka mchanganyiko ule ule, akanawa mikono, akaenda zake.

Kesho yake mchana alirudi kuchukua vifaa vyake. Hezron alikuwa ameshapaka rangi juu ya kiraka, na vijana wanapakia taa za sola. Mkewe, Euphrasia, alisimama kando ameshika hotpoti ya chakula cha mumewe. Pale pale ndipo Matrida alipokaa siku tatu akisubiri ziwa limrudishie maiti ya marehemu mume wake.

Akachukua patasi, akakibandua kiraka. Kilitoka chote, laini kama unga uliokandwa.

Hezron akamzaba kofi. "Mchawi wewe. Umeniharibia giza zima."

"Nakuchukia, Hezron, na nitakuchukia mpaka nife. Lakini huyu mwanamke hatakaa hapa kusubiri maiti kama nilivyokaa mimi."

Euphrasia aliokota kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kikabonyea. Akamtazama Matrida bila shukrani yoyote usoni.

"Kwa hiyo ulijua tangu jana," akasema.

Matrida akaanza kukusanya vifaa vyake.