Nilivyoendesha kampeni ya shangazi mitandaoni huku Tarime, na klipu ya sekunde chache iliyotaka kutumaliza

Wakuu, heshima kwenu, wakongwe wa jukwaa na mliojiunga juzi.

Nimesoma humu watu wengi wakisema siasa za sasa ni mtandao tu, ukiwa na followers umemaliza. Ngoja niwape yaliyonikuta mwenyewe huku Tarime vijijini. Siongezi chumvi. Jina la kata na la chama nayaweka pembeni, maana wahusika bado tunapishana gulioni.

Mimi nina kiduka cha kuprinti na kutengeneza simu upande wa Sirari. Shangazi yangu, nimwite Ghati, ni mkulima wa mahindi na mihogo, ana ng'ombe wachache, na ni mjane. Alichukua fomu ya udiwani, chama kikampitisha, akanipigia.

"Mura, wewe si ndiyo unajua mambo ya simu? Wenzangu wana magari ya matangazo. Mimi nina wewe."

Kwa wasio wa huku, mura ni kijana wa kiume. Shangazi akikuita hivyo hukatai.

Nikafungua page. Poster kali, shangazi kwenye kitenge, muziki nyuma. Likes zikamiminika. Nikampelekea simu nikijiona mtaalamu.

Akavaa miwani, akaanza kusoma majina.

"Huyu ni nani?"

"Yuko Dar, shangazi."

"Na huyu?"

"Huyo yuko Nairobi."

"Huyu je?"

"Simjui, lakini ameweka moyo."

Akanirudishia simu. "Moyo wake nimeupokea. Sasa nitafutie watu wanaopiga kura hapa."

Basi tukabadilisha mchezo. Page tuliiacha iwepo, ila nguvu tukaipeleka kwenye magrupu ya wasapu ya pale pale: la wazazi wa shule, la bodaboda, la kwaya, la wauza ng'ombe wa mnadani. Hatukuvamia na mabango. Niliomba ruhusa kwa kila admin, na aliyekataa tulimshukuru tukaondoka.

Shangazi akawa anarekodi voice note fupi, jambo moja kwa siku. Leo barabara, kesho maji. Anasema kwa Kiswahili, halafu anarudia kwa Kikurya. Wazee wakawa wanawaambia wajukuu, "Hebu tufungulie sauti ya Ghati tumsikie."

Nina binamu kijiji cha Mbalibali, kule Serengeti, naye alikuwa anamsaidia mgombea wa kwao. Network kwao ni ya kubahatisha. Nikamfundisha kuweka sauti kwenye memory card, wakawa wanapiga kwenye spika pale mashine ya kusaga, watu wakisubiri unga. Huo nao ni mtandao wakuu, msiudharau.

Mambo yakaanza kukaa vizuri. Ndipo ikaja klipu.

Kwenye kata yetu kuna machimbo madogo ya dhahabu, na wachimbaji wengi ni wageni kutoka Shinyanga, Geita, Kigoma. Wengi wamejiandikisha kura hapa. Kwenye mkutano wa gulioni shangazi alisema hivi: "Kuna watu wanasema wageni wa machimboni wafukuzwe. Mimi nasema mtu anayetoa jasho hapa na kusomesha watoto hapa, huyo ni wa hapa."

Mtu akaikata video ya hotuba hiyo. Kikabaki kipande kimoja tu: "Wageni wa machimboni wafukuzwe." Sauti ni yake, uso ni wake.

Asubuhi moja nafungua simu, nakuta grupu la wachimbaji linawaka moto. Matusi ya kila aina. Mchana kina mama wawili wa timu yetu walikwenda machimboni na vipeperushi, wakazomewa, mmoja akarushiwa tope. Jioni jirani yake shangazi anayepangisha vyumba kwa wachimbaji akaja akilia kwamba wapangaji wanataka kuhama.

Kaka yake mkubwa, ambaye ni baba yangu, akamwambia waziwazi, "Ghati, jitoe. Udiwani si kitu cha kufa nacho."

Shangazi akasema, "Nikijitoa leo, hilo neno nitakuwa nimelisema kweli. Sijitoi."

Mimi nilishaandika post ndefu ya kumchana mpinzani. Akanizuia. "Una ushahidi kwamba ni yeye?" Sikuwa nao. "Basi futa. Tukirudisha matusi, kesho kata nzima itaongea matusi. Mimi nataka hotuba yangu nzima."

Hapo ndipo tulipokwama. Sisi wenyewe hatukuwa nayo! Tulirekodi vipande vya kuweka status, vya kushangilia. Hotuba kamili hakuna.

Nikaingia kila grupu kuuliza nani alirekodi gulioni mwanzo hadi mwisho. Hakujitokeza mtu. Siku iliyofuata mama mmoja wa kwaya akaniambia alimwona Kabula ameinua simu muda wote.

Kabula ni mama lishe wa machimboni, Msukuma, yupo huku miaka. Tukamfuata mimi na shangazi, kwa miguu. Alikuwa anachambua dagaa. Alipotuona akaangalia pande zote.

"Shikamoo mama," akamwamkia shangazi.

"Marahaba mwanangu. Unajua kilichonileta."

"Najua. Video ninayo. Nilikuwa namrekodi rafiki yangu alivyokuwa anacheza ngoma, nikaacha simu inaendelea." Akashusha sauti. "Lakini mama, nikiituma watajua ni mimi. Hawa ndio wateja wangu. Wakisema nimenunuliwa, nitamuuzia nani?"

Mimi nilitaka kumbembeleza, hata kumsukuma kidogo. Shangazi akanishika mkono.

"Usiitume," akamwambia. "Una watoto. Mimi nilitaka tu kujua kwamba ipo, na kwamba kuna mtu hapa aliyenisikia vizuri."

Tukaaga, tukaondoka. Wakuu, nilikasirika sana. Njia nzima nilimtangulia hatua kadhaa.

Kesho yake kabla ya saa sita simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Kabula alikuwa ameitupa video nzima kwenye grupu la wachimbaji, na chini yake voice note kwa lafudhi yake ya kwao:

"Jamani, mimi nawapikia ugali kila siku. Kuna siku nimewadanganya hata bei ya dagaa? Huyu mama amesingiziwa. Sikilizeni yote, halafu mje mle."

Basi. Page yangu ilikuwa na followers wengi na isingeweza kufanya kile mama mmoja anayeaminika alichofanya kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka.

Shangazi hakuishia hapo. Alisema anakwenda machimboni mwenyewe, na nirekodi live bila kukata, hata akitukanwa. Mchimbaji mmoja mrefu akamuuliza, "Ukipata utatuchimbia kisima?"

"Sina hela ya kisima. Nina mdomo na miguu ya kwenda halmashauri kuuliza kila wiki."

Wakacheka. Halafu wakapiga makofi.

Siku ya kura tukashindwa.

Ndiyo, nimeandika sawasawa. Kwa kura chache, lakini tulishindwa. Vituo vya machimboni tulishinda, vijiji viwili vya mbali ambako hatukufika vya kutosha vikatuangusha. Nilimpigia kumwambia nafunga page na kutoka kwenye magrupu.

"Nani kakutuma ufunge? Watu wameingia kwa ajili ya kura au kwa ajili ya mambo yao?"

Tukaendelea. Wiki kadhaa baadaye mzazi mmoja akatuma picha ya choo cha shule kilichotitia. Picha ikazunguka magrupu yote ya kata. Shangazi akatuma voice note, hakumtaja mtu, aliuliza tu nani anashughulikia.

Diwani mpya, yule yule aliyetushinda, akanitumia ujumbe akiomba nimwunge kwenye grupu la wazazi. Nikamwunga. Kabla hajamaliza kusalimia, shangazi akaandika: "Karibu sana mheshimiwa. Swali la choo liko hapo juu, tunakusubiri." Akajibu siku hiyo hiyo, na mafundi nimewaona kwa macho yangu.

Nilichojifunza: rekodi hotuba yako nzima kila mara, maana kipande utakatiwa tu. Like ya mbali ni salamu, haina kura. Tafuta wanaoaminika mahali, uwaheshimu hata wakiogopa. Na usipotee baada ya matokeo.

Shangazi ameshasema anagombea tena, na safari hii vile vijiji viwili tumeanza navyo mapema.

Mliowahi kufanya kampeni kijijini, mlijibuje klipu za kukatwa? Na wewe utakayesema hata kura tulizopata zilikuwa za huruma tu, leta hoja yako hapa, nitakujibu.