Saa Inayogeuza Siku Magharibi

Nina saa mbili za mkono za Uswisi, za zile zinazoijua kalenda. Haziniulizi mwezi huu una siku thelathini au thelathini na moja, na hata Februari ya mwaka mrefu hupita bila msaada wangu. Ya pili niliipata kwa kubadilishana na gari. Mke wangu akiulizwa tutakwendaje Dar, hujibu, "Gari tunalo, mume wangu amelivaa."

Mbali na hizo, hapa Bagamoyo naijua moja tu, ya shangazi yangu. Marehemu mumewe, fundi mitambo wa meli, alirudi nayo kutoka safari yake ya mwisho. Tangu afariki, shangazi huitia ufunguo kila siku baada ya swala ya alfajiri.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, nilikwenda kumwamkia. Alipoingia jikoni kuniletea kahawa, nikaichukua ile saa. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nne; wangu ulikuwa kwenye kumi. Wazee wetu wengi huziweka saa zao hivyo, kwa majira ya Kiswahili. Lakini saa ya namna hii inapaswa kugeuza tarehe usiku wa manane. Ikiwekwa hivyo, itageuza jua linapozama, saa sita kabla ya wakati. Nikaona ni kosa. Nikairudisha nyuma saa sita, taratibu, nikailaza kwenye kitambaa chake. Sikumwambia. Nilitaka ajionee mwenyewe.

Alinipigia simu natoka msikitini, baada ya magharibi.

"Umeifanya nini saa ya mwenzangu?"

"Nimeirekebisha, shangazi."

"Ilikuwa inaumwa?"

Nikaanza kumweleza habari ya usiku wa manane, akanikatiza.

"Njoo. Na uje kwa miguu, hilo gari lako halikimbii."

Nilimkuta mkekani, msahafu mbele yake umefungwa, saa pembeni. Kila usiku wa Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama, humsomea mumewe Yasini. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba mumewe, katika ugonjwa wake, alimwonyesha kidirisha cha siku akamwambia, "Kikileta herufi hizi za Ijumaa, nisomee." Miaka yote kimezileta magharibi. Leo alikuwa akikitazama tangu adhana, nacho kimebaki Alhamisi.

"Lakini shangazi, si unajua kuwa Ijumaa imeshaingia?"

"Najua. Na yeye alijua kuwa najua. Nangoja aniite."

Nikaketi. Saa hizi hazipendi tarehe irudishwe nyuma, ila kwenda mbele hakuna neno. Nikasogeza mishale mbele, saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Shangazi alikuwa ameinama hadi mtandio wake unagusa mkono wangu. Mishale ilipofika kumi na mbili, herufi za Alhamisi zilianza kuteleza, zikasita katikati, kisha Ijumaa ikakaa mahali pake.

"Haya," akasema, akaufungua msahafu. "Sogea uitikie amina. Umemchelewesha mwenzangu."

Alipomaliza kusoma, alinitazama mkononi.

"Na hiyo yako bado iko Alhamisi?"

"Bado, shangazi."

"Maskini," akasema, akaenda kupasha kahawa.