Sahani ya Wali Ndani ya Treni

Juma lililopita, katika treni tuliyopanda Lubumbashi, mama mmoja alimrudishia mhudumu wa behewa la chakula sahani ya wali uliochacha. Mume wake, mzee mgonjwa wa sukari, alikuwa amekwisha kumeza dawa. Ilikuwa lazima ale.

“Onja wewe kwanza,” mama akasema. “Kwetu mwenye kupika anaonja mbele ya mugeni.”

“Mama, ni chakula ya treni.”

“Treni haikule, papa. Bantu njo banakula. Onja!” Yaani, watu ndio wanaokula.

Mhudumu alishika kijiko, akakitazama, akakiweka chini. Akaenda nyuma, akarudi na bukari, ule ugali wa kwetu, na samaki aliofungiwa na mke wake. Mzee akala, akashiba.

Namshukuru. Lakini kama mhudumu mwenyewe anabeba chakula cha nyumbani, jiko la treni linampikia nani?