Punda Waliokataa Maji

Nakumbuka siku ile punda walipokataa maji, mwanangu, na tangu hapo sijamwamini mtu anayeniondolea taka upesi.

Ilikuwa Kongwa, enzi za Mwingereza, Wazungu wa mradi wa karanga walipokwisha kufunga virago. Mimi nilikuwa kijana niliyeacha shule mapema, nikizunguka huku na huko na kushika kazi yoyote iliyonionyesha kitu kipya. Wakati huo nilikuwa kwa Bwana Jivan, Mhindi mwenye duka. Alikuwa amebomoa ghala lake la zamani, na ua ulijaa vifusi: udongo wa paa la tembe, chokaa, chupa zilizovunjika, na debe la dawa ya kuogeshea ng'ombe lililoliwa na kutu, dawa bado imo ndani.

Akamkodi Salumu, mgeni kutoka upande wa Kilosa, mwenye punda wawili, apeleke kila kitu jalalani nyuma ya kilima. Mimi nikaambiwa nimwangalie.

Nikamwangalia kweli. Kila alipotoka nilipekua mashogi, ile mifuko ya mizigo mgongoni mwa punda, nikitafuta misumari na vipande vya bati.

"Kaka," akacheka, "hata mke wangu hanipekui hivi!"

Sikupata kitu. Lakini alikuwa anarudi upesi mno. Bwana Jivan alifurahi. Mimi nikaingiwa na shaka. Jua lilikuwa kali, na njia ya kilimani haina hata tone la maji, ila nilipowawekea punda karai walilinusa tu, wakageuza shingo. Punda gani huyo anayetoka kilimani bila kiu? Nikainama kutazama kwato. Udongo wa njia ile ni mwekundu. Kwato zilikuwa na mchanga mweupe, mbichi.

Safari iliyofuata, debe la dawa lilipofungwa mgongoni mwa punda, nikawafuata kwa mbali. Hawakupanda kilima. Walishuka korongoni.

Wewe uliyekulia kwenye maji ya bomba huenda hujui. Kiangazi korongo letu huonekana kavu, lakini ukifukua mchanga unayakuta maji. Kila nyumba ilikuwa na kisima chake pale, kimezungushiwa miiba ili mifugo isiingie. Juu kidogo ya visima hivyo nikaona vifusi vyetu vimerundikwa, kando yake shimo la maji alilowafukulia punda, na Salumu anafungua kamba ya debe. Mbele yake alisimama Bibi Nyemo, jirani yetu, kata ya kuchotea maji mkononi.

"Unazika nini kinywani mwangu?" aliuliza.

"Shikamoo, bibi. Mto si umekauka huu? Mvua ikija itabeba. Kwetu mto hubeba kila kitu."

"Utabeba upeleke wapi? Sisi ndio tulio chini."

Akainama, akachota maji kisimani, akampa ile kata. "Basi mwaga debe lako, kisha unywe."

Salumu aliyatazama yale maji, akalitazama debe. Akaikaza kamba tena.

Bibi akanigeukia mimi niliyekuwa nimesogea karibu. "Na wewe, ulikuwa unalinda nini tangu asubuhi?"

"Misumari, bibi."

"Misumari!" Akaguna, akarudi kisimani kwake.

Tulizoa vifusi vyote kwa mikono, tukavipandisha kilimani. Debe tukalizika mbali, shimo refu. Bwana Jivan alilalamika: "Nilitaka uchafu utoke uani. Si ulikuwa umetoka?"

Hapo ndipo ninapokuonya, mwanangu. Ukimkodi mtu akuondolee taka, usiridhike kwa kuona ua umefagiwa. Muulize anapeleka wapi, na akishakujibu, nenda naye. Akiwa mgeni, mwonyeshe maji yalipo kabla hajabeba mzigo wa kwanza. Akirudi upesi, mshuku yeye, kisha ujishuku wewe uliyependa upesi huo. Taka ni zako mpaka pale zinapolala.

Mungu akupe nyumba mpya na ua mweupe. Na kule chini, anayeinama kuteka maji asilitaje jina lako kwa kuguna.