Karani wa Kodi na Jina la Bitutu

Miaka ile ya kuelekea Uhuru na baada yake, alikuwako mjini Kisii karani mmoja aliyeitwa Owino, mtu wa kutoka upande wa ziwani, aliyejipatia riziki kwa kuwajazia watu hesabu za kodi. Wenye maduka, wenye vinu vya kusaga mahindi, walimu waliokuwa na biashara ya pembeni, wote walimjia kila Januari na mifuko ya stakabadhi. Yeye alizipanga, akazijumlisha, akajaza fomu, akazipeleka posta ziende Kisumu.

Alikuwa na mashine ya kujumlisha. Aliinunua kuukuu kwa kampuni moja ya chai kule Kericho alikokuwa karani, kampuni ilipoleta mashine za umeme. Lilikuwa dude jeusi la chuma, zito kama jiwe la kusagia, lenye mkono wa kuvuta pembeni na utepe wa karatasi juu. Owino aliitunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa pekee. Asubuhi alivuta mkono bila kubonyeza kitu, aone sifuri kwenye utepe, maana mashine ikibaki na hesabu ya jana tumboni humwongezea mteja wa leo asichokuwa nacho. Kila hesabu aliifanya mara mbili, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kupanda juu, na majibu yasipolingana alianza upya bila kununa. Utepe aliubana kwa pini kwenye fomu ya mteja. Vumbi likizidi aliisafisha kwa unyoya wa kuku na tone la mafuta ya cherehani, ambayo alipewa na Drusilla, fundi wa nguo aliyeshona barazani mbele ya chumba chake.

Drusilla ndiye jirani pekee aliyezungumza naye siku nzima. Lakini jua likianza kushuka alifunika cherehani yake na kwenda kwa watoto wake, na baraza ikabaki tupu.

Watu walimheshimu Owino, ila walimwogopa. Hakuna aliyewaambia kwamba yeye si mtu wa serikali, na hata wangeambiwa wasingeamini. Mtu anayejua duka lako liliingiza nini mwaka mzima si mtu wa kumkaribisha ugali. Makori, mnunuzi wa ndizi wa Mosocho, alikuwa akicheka naye vizuri ofisini, lakini wakikutana sokoni aligeuza uso kama vile Owino alikuja kumhesabia mikungu. Isitoshe alikuwa Mjaluo. Wenyeji wakizungumza Ekegusii, lugha yao, alisikia neno hapa na neno pale, na alipokaribia wakahamia Kiswahili, na kwenye Kiswahili hawakuwa na mengi ya kumwambia.

Aliwahi kuwa na mke, Aluoch. Walikaa pamoja miaka mingi bila mtoto, na maneno ya mashangazi yalipozidi, Aluoch alirudi kwao, baadaye akaolewa kwingine. Owino hakumlaumu. Kwenye fomu yake mwenyewe, pale palipoulizwa mke na watoto, alipiga mstari mmoja mnyoofu kwa rula.

Labda ndiyo sababu aliipenda sana sehemu hiyo kwenye fomu za wengine. Serikali ilimpunguzia kodi mwenye watoto, kwa hiyo kila mteja alipaswa kuwataja kwa majina na siku ya kuzaliwa. Owino aliwaona wakikua bila kuwaona. Alijua nani kaanza shule, nani kapata mdogo wake. Njiani akimpita mtoto mwenye sare, alijiuliza kama ni mmoja wa wale wake wa kwenye karatasi.

Nyasani wa Ikonge alikuwa mmoja wa wateja wake wa mwanzo. Alikuwa na duka sokoni na shamba la majani ya chai nyumbani, mtu wa kanisa, asiyepoteza maneno. Kila mwaka aliwataja wanawe kwa mpangilio ule ule, hata walipoongezeka: Ishmael, Bitutu, Josiah, na Mong'ina mdogo. Owino aliuzoea mpangilio huo kama mtu anavyouzoea wimbo wa kanisani.

Januari ya mwaka 1969 Nyasani akaja, akaketi, wakamaliza hesabu za duka. Wakafika kwenye watoto.

“Ishmael,” akasema Nyasani. “Josiah. Mong'ina.”

Owino, ambaye kalamu yake ilikuwa imekwisha kuandika herufi ya kwanza, akainua macho akitabasamu. “Umemsahau Bitutu.”

Nyasani aligeuza uso. Alikuwa akitazama mkono wa mashine. Nje cherehani ya Drusilla ilikuwa ikienda, ikasimama, ikaenda tena.

“Homa ya malaria ilipita kwetu baada ya mvua ya masika,” alisema mwishowe. “Andika hao watatu.”

Owino akaandika hao watatu. Alisema pole, kwa sauti ndogo mno. Nyasani alilipa, akavaa kofia, akaondoka. Owino aliichana ile fomu iliyochafuka kwa herufi ya jina la mtoto, akaandika nyingine safi, na siku ile hakuweza kujumlisha tena. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mtoto yule alizikwa tangu katikati ya mwaka, na yeye aliyemwandika kila Januari hakuambiwa na mtu. Lakini nani angemwambia? Na angemwambia kama nani?

Jumapili iliyofuata alinunua sukari na majani ya chai, akapanda basi mpaka Nyamira, akatembea kwenda Ikonge. Katikati ya njia alikumbuka kwamba anapeleka majani ya chai kwa watu wanaoyalima, akajiona mjinga, lakini hakurudi.

Nyamusi, mke wa Nyasani, alikuwa shambani na kikapu mgongoni. Alimtambua, kwa kuwa aliwahi kumwona mjini alipopita mlangoni pa ofisi yake, na uso wake ukakunjamana. Akasema kwa Kiswahili cha kukwamakwama kwamba mwenye nyumba yuko dukani, na kwamba vitu vyote vya hapa vimeandikwa, hakuna kilichofichwa.

“Mama Ishmael, sikuja kwa kodi,” alisema Owino. “Nimekuja kwa matanga. Nimechelewa, naomba mnisamehe.”

Nyamusi akashusha kikapu. “Mtoto ulimjua wapi?”

“Sikumjua. Niliandika jina lake tu.”

“Uliandika nini?”

Owino akamwambia. Alizaliwa mwezi wa nne. Mwaka ule wa kwanza wa kumwandika hakukuwa na cheti, Nyasani akaleta kadi ya kliniki, na pale kadini nesi aliandika kwamba mtoto ni mdogo mno, anyonyeshwe kila mara. Mwaka uliofuata kadi ilisema ana afya. Kisha akaingia shule mapema kuliko kaka yake alivyoingia, na Nyasani, asiyependa kujisifu, alilisema hilo mara mbili.

“Alisema mara mbili?” aliuliza Nyamusi.

“Mara mbili.”

Mama yule akaketi palepale kwenye nyasi, akalia bila sauti, na kisha akaanza kusimulia yeye. Kwamba Bitutu alizaliwa mdogo hata akatosha kwenye mkono mmoja. Kwamba alichuma chai kwa mkono wa kushoto na kuwakasirisha wote waliosimama kando yake. Kwamba aliwaogopa kuku. Mengine aliyasema kwa Ekegusii, na Owino hakuomba afafanuliwe. Tangu mazishi, Nyamusi alisema, watu wamemwambia anyamaze, asimnung'unikie Mungu. Hakuna aliyemuuliza mtoto alikuwaje. Akampeleka nyuma ya migomba akamwonyesha kaburi. Akampikia chinsaga, mboga chungu ya kwao, na ugali wa wimbi, na Owino akala katika nyumba ya mteja kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo Nyasani alipofika. Alisimama mlangoni kama aliyekuta mwizi, kisha akajizuia, akasalimu. Hakuketi. Owino alipoaga, Nyasani alimsindikiza mpaka barabarani.

“Umefanya vizuri kuja,” alisema. “Lakini usirudi. Karani wa kodi akionekana bomani kwa mtu, majirani watauliza alikuja kuhesabu nini, na soko zima litasema mimi ndiye ninayewachongea kwako.”

Owino alisema ameelewa, na kweli alielewa. Akatembea mpaka Nyamira, mvua ikamkuta njiani.

Mwaka mzima alidhani amempoteza mteja huyo. Lakini Januari Nyasani akaja kama kawaida, wakafanya kazi yao. Ilipokwisha akasimama, akavaa kofia, akaivua tena.

“Mama Ishmael ameniuliza. Wewe una watoto?”

“Sina,” alisema Owino. “Nilikuwa na mke. Alikwenda.”

Nyasani aliketi tena. Mvua ilikuwa imeanza, ikapiga mabati hata maneno yasisikike. Walikaa hivyo mpaka ikakatika, kila mmoja akitazama barazani. Kisha Nyasani akampa mkono, akaondoka.

Tangu hapo ikawa desturi yao. Kazi ikiisha, Nyasani alibaki kidogo. Hawakuwa marafiki, maana hakuna hata siku moja aliyomwalika nyumbani, lakini alibaki.

Miaka ya sabini ikaleta vikokotoo vidogo vya betri, na vijana wawili waliotoka chuo wakafungua ofisi karibu na stendi. Wateja wa Owino wakaanza kuhamia huko, kwanza wa Masimba, kisha wa Mosocho. Hakuwawekea kinyongo. Mmoja wa vijana hao, Ouko, alikuja siku moja kuomba ushauri wa mtu mzima, na Owino akamweleza aliyoyajua: waanze na sifuri, wajumlishe kwenda na kurudi, wabadilishe betri kabla haijafifia kwa sababu kikokotoo chenye njaa husema uongo, wasipige hesabu ndefu wakiwa wamechoka.

“Na watoto,” alisema. “Ukifika kwenye majina ya watoto, funika fomu ya mwaka jana. Mwache mzazi awataje mwenyewe.”

Ouko aliuliza sababu. Owino alimwambia kwamba mambo hubadilika katika mwaka.

Mwaka 1977 alifunga chumba akarudi kwao ziwani, kwenye nyumba aliyojenga zamani kwa ajili ya watu wengi. Mashine aliiuza kwa fundi wa saa aliyetaka springi zake. Drusilla alimshonea shati la safari, akakataa malipo, akarudi kwenye cherehani yake. Nyasani hakujua siku ya kuondoka kwake, kwa kuwa haikuwa Januari.