Mkeka wa Mwalimu Twaiba

Kila alfajiri Twaiba alitoka nyumbani kwao Mwabungo na begi la vitabu begani. Ndani yake hamkuwa na kitabu. Mlikuwa na sare ya kijani ya hoteli na viatu vya mpira. Alifika hotelini Galu, akabadilisha nguo nyuma ya stoo ya mashuka, kisha akaanza vyumba vyake kumi na vinne: kutandika, kusugua vyoo, kukunja taulo ziwe na umbo la bata.

Hakuwahi kusema kwamba anafundisha. Jirani yao, Bi Shutu, ndiye aliyelisema siku ya kwanza alipoliona lile begi. "Mwalimu wetu kapata skuli!" Twaiba akacheka, na kicheko kile kikachukuliwa kuwa jibu. Tangu hapo hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kijijini alichunga ulimi, na hotelini wenzake walimwona anaringa.

Karo yake ilikuwa imetoka kwenye miyaa, majani makavu ya kusukia. Miaka minne mamake na wanawake wa kikundi chake walisuka ukili, wakashona mikeka, wakaiuza Diani. Alipopata shahada ya ualimu wa hesabu na kemia, walishona mkeka mmoja usiokuwa wa kuuza, kila mwanamke akaleta ukili wa rangi yake. Juu ya mkeka huo alikalishwa, akaombewa dua.

Miaka mitatu ilipita, na barua ya serikali ya kumwita kufundisha haikuja.

Februari, msimamizi wake, Bi Kahaso, alimwita stoo akampa fomu.

"Wanatafuta watu watatu wa kudumu. Nimekutaja wewe. Ila hapa pa elimu, andika kidato cha nne."

"Lakini nina digrii, Bi Kahaso."

"Kwani sijui? Taulo unazikunja kama unapima pembe!" Akacheka, kisha akashusha sauti. "Mwaka juzi tuliajiri wawili wenye digrii. Serikali ikawaita Desemba, vyumba vimejaa, wakatuacha. Meneja ameapa. Ukiandika shahada, fomu yako haifiki mezani."

"Na nisipoandika hivyo?"

"Utabaki kibarua. Hoteli ikifungwa Aprili, nawe umefungwa."

Twaiba aliijua Aprili. Kibarua hulipwa siku aliyofanya kazi. Akiugua hana kitu, na mvua ikianza wageni huondoka. Aprili iliyopita aliwaambia watu kwamba skuli imefunga, akashinda njaa akijidai amefunga sunna.

Jumamosi, siku yake ya mapumziko, aliukunjua ule mkeka chumbani akakaa juu yake na fomu. Ukili mwekundu ulikuwa wa Bi Shutu. Ule wa zambarau, uliokaza kuliko yote, ulikuwa wa mamake. Kalamu ilisimama mahali pa elimu muda mrefu. Kisha akaandika: kidato cha nne. Cheti chake cha chuo akakirudisha ndani ya plastiki, chini ya godoro.

Mamake aliingia. "Ni karatasi za skuli hizo, mwanangu?"

"Ni za kazi, mama. Wataka kunipa ya kudumu."

Mamake alipiga kigelegele hata kuku wakatawanyika uani. Baada ya swala ya alasiri wanawake wa kikundi walikuwa wamejaa chumbani, na Twaiba yuko katikati ya mkeka.

"Mwalimu mkuu huyu!" Bi Shutu alisema. "Ukinunua gari usijifanye hutuoni pale stejini Ukunda tukingoja matatu!"

"Atatupita na vumbi atupakaze," mwingine akadakia, wakacheka.

Dua ikaanza. Wote waliinua mikono, na Twaiba akainua yake, viganja wazi, vimepasuka na kubabuka kwa dawa ya vyoo. Akaviweka karibu na kifua. Kila "amin" ya wenzake ilikuwa kubwa kuliko yake.

Walipoondoka, mamake alileta kikombe cha mafuta ya nazi. Akaushika mkono wa bintiye bila kuombwa, akaupaka kidole kwa kidole, macho yake kwenye ule ukili wa zambarau.

"Chaki za siku hizi ni kali," alisema.

Twaiba alimpa mkono wa pili. "Ni kali, mama."