Sauti ya Dada Chini ya Zulia

Dada yangu alifariki akijifungua, na wakati huo baba alikuwa ameshapoteza macho kwa ugonjwa wa sukari. Picha za harusi ya dada, mama alizifunga kwenye kanga akaziweka juu ya kabati. Kwa baba hazikuwa na kazi. Yeye alitaka kumsikia.

Siku ya harusi baba alikuwa amelazwa, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyesimama kanisani badala yake. Video ilipigwa na studio nilikokuwa nafanya kazi, pale mjini Babati, na sisi tulipewa CD yetu. Baada ya msiba baba aliomba awekewe. Tukaazima TV na deki kwa jirani, tukaunga kwenye betri ya gari, maana kwetu Nakwa hakukuwa na umeme. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mbona ni muziki tu? Hakuna mtu anayesema?"

Ndivyo tulivyotengeneza video zote. Fundi alitoa sauti za watu akaweka nyimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu wateja walipenda hivyo. Mtoto akilia kanisani au kiti kikiburuzwa, walisema video ni chafu. Hata sisi siku ya kwanza tuliisifu.

"Uliza kazini, mama," baba aliniambia. Mimi binti yake huniita mama. "Labda ipo moja ambayo anasema."

Mimi si mwepesi wa kuongea. Tangu shule ya msingi dada ndiye aliyekuwa akinisemea, na hata kazi ile aliniombea yeye, mimi nimesimama nyuma yake. Sasa ilibidi niseme mwenyewe. Nilimsalimia bosi wangu shikamoo, nikabaki nimesimama mlangoni mpaka akaniuliza kama naumwa.

Nilipomweleza, akamwita fundi. Fundi akasema kanda yenyewe ilisharekodiwa harusi nyingine juu yake, ila nakala ya sehemu ya kanisani, yenye sauti, bado ilikuwa kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma.

"Basi mtolee CD," bosi akasema. "Lakini kesho Jumamosi tuna harusi kubwa na diski imejaa. Nikitoka msikitini nataka hiyo imeshafutwa."

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mashine ya kuchoma CD ilikuwa kwenye kompyuta ya mbele, na ile ya nyuma ilikuwa ndani ya kizimba cha nondo kilichochomelewa ukutani kwa kuogopa wezi, haikuweza kusogezwa. Zote mbili ziliunganishwa kwa waya mmoja. Fundi akaanza kuihamisha video kwenda kompyuta ya mbele. Kompyuta ikaandika kwamba itamaliza kesho yake.

Akazima zote mbili akawasha tena, ikawa vilevile. Akasema labda ni virusi, akapitisha dawa ya virusi, hakukuwa na kitu. Akachomoa waya kwenye kisanduku chenye taa za kijani kinachounganisha kompyuta hizo, akauchomeka kwenye tundu jingine. Ikaenda kidogo, ikasimama. Mimi niliendelea kukata picha za paspoti. Watu walikuwa wengi. Tangu Manyara iwe mkoa na Babati makao yake makuu, kila mtu alitaka picha za kuombea kazi.

Mteja mmoja aliponyanyuka kwenye stuli ya kupigiwa picha, niliona mstari wa kijani unaoonyesha video inavyohama kwenye kompyuta unakimbia. Akaingia mwalimu mmoja, mama mnene, akakaa, na mstari ukasimama.

"Kaka," nilimwambia fundi, "hebu mwombe asimame."

"Nisimame tena? Hata sijacheka," mwalimu akasema.

Akasimama. Mstari ukakimbia.

"Hebu kaa, mama," fundi akasema.

Akakaa, ukasimama. Mwalimu akatutazama. "Kwa hiyo unene wangu umeharibu mpaka kompyuta?"

"Mama, wewe huna kosa. Ni zulia," fundi akasema, naye ameshapiga magoti.

Bosi alikuwa amenunua zulia jekundu ili wanaopigwa picha wasikanyage sementi, akalitandika juu ya waya, na stuli ya chuma ikawekwa palepale. Waya ulikuwa umepondeka kama mdudu. Fundi akakata sehemu mbovu, akaufunga kichwa kipya, akaupitisha juu kutoka ukutani hadi ukutani. Mwalimu aliinama kuupita, akasema, "Sasa mmenitegea kamba ya kuanikia nguo."

Adhana ilikuwa imeshaisha. Bosi aliporudi kutoka msikitini, CD bado ilikuwa inachomwa. Alivuta kiti akakaa, akaniambia, "Maliza, mwanangu." Hakuuliza kuhusu diski.

Jioni nilirudi Nakwa, tukaazima tena TV na deki, tukaunga betri. Safari hii hapakuwa na muziki. Watu walikohoa, mtoto alilia, benchi zikaburuzwa. Baba aliinua kichwa. Mchungaji akauliza ni nani anayemtoa binti huyu aolewe. Kwenye TV baba mdogo alijibu. Lakini baba naye akajibu, kwa sauti kubwa kumshinda.

"Mimi. Mimi baba yake."

Halafu dada akasikika. Yeye aliyekuwa msemaji wetu sote, siku ile alisema "Nakubali" kwa sauti ndogo mpaka mchungaji akamwomba arudie. Akarudia. Mama akatoka nje.

"Rudisha pale anapouliza," baba akasema.

Nikarudisha, naye akajibu tena. Nikarudisha tena, na tena, sikuweza kumkatalia. Kila mara alijiweka sawa kwenye kiti na kufunga kifungo cha shati shingoni.

Kisha picha ikaanza kujikunja pembeni, sauti ikawa nzito, ikapotea. Betri ilikuwa imeisha. Baba hakujua. Alikaa ameinua uso, akisubiri kuulizwa.